Mchuuzi, dalali, mlanguzi, mhodhi: nani ni nani sokoni

Mchukue mtu mmoja mwenye ghala la sukari karibu na stendi ya mabasi. Jirani yake humwita mfanyabiashara. Kuli anayempakulia mifuko humwita tajiri. Mzee aliyelelewa na Azimio la Arusha atamwita bepari. Siku sukari ikiadimika na mkuu wa wilaya akafika na askari na kukuta ghala limejaa, mtu yule yule atatajwa kwenye taarifa ya habari ya usiku kama mlanguzi. Hajabadilika, ghala lake halijabadilika, hata mifuko ni ile ile. Kilichobadilika ni bei, na pamoja nayo hasira za watu.

Kiswahili kina majina mengi ya watu wanaouza, na karibu kila jina limebeba hukumu ndani yake. Shida inaanza pale hukumu inapochukua nafasi ya uchunguzi, kwa sababu watu wenye majina tofauti wanaweza kuwa wanafanya kazi moja, na wenye jina moja wakawa wanafanya kazi zisizofanana hata kidogo. Anayetaka kujua kwa nini bei imepanda, na nani hasa aliyeipandisha, ni afadhali aliweke jina kando kwanza aulize mambo matatu: mali hii ni ya nani, ikidoda au ikioza hasara ni ya nani, na bei inapangwa na nani. Majibu ya maswali hayo humpanga kila mtu mahali pake.

Tuanze chini. Mchuuzi ni mtu anayenunua kidogo na kuuza kidogo kidogo. Anayesubiri boti Feri, Dar es Salaam, alfajiri, akanunua ndoo ya samaki mnadani na kuipeleka mitaani, ni mchuuzi. Mali ni yake kuanzia pale alipolipa. Samaki wakilainika kabla ya saa sita, hasara ni yake pia. Bei anaipanga yeye, ila kwa mipaka myembamba, maana hatua chache mbele kuna mchuuzi mwingine mwenye ndoo kama yake. Mama mboga wa Nairobi yuko hapo hapo. Mama ntilie naye yupo jirani, ingawa yeye ameongeza moto, mafuta na kazi ya mikono, kwa hiyo anauza chakula zaidi kuliko anavyouza bidhaa.

Machinga ni jina la baadaye. Limetokana na Machinga, huko Lindi, kwa sababu vijana wengi walioanza kuzunguka na bidhaa mabegani katika mitaa ya Dar es Salaam miaka ya 1980 walitoka mikoa ya kusini. Baadaye likaacha kuwa jina la watokako likawa jina la kazi, na leo Msukuma anayeuza mikanda Mwanza ni mmachinga bila mtu yeyote kushangaa. Serikali imewashughulikia kwa namna zinazopingana. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilitumika kuwakamata watu wa mitaani waliohesabiwa kuwa hawana kazi na kuwarudisha vijijini. Mwishoni mwa 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyowaruhusu wafanyabiashara wadogo, wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kufanya biashara bila kubughudhiwa. Mwaka 2021 wakaanza kupangwa na kuhamishiwa maeneo maalumu.

Katika mivutano hiyo yote kuna jambo moja lililosahaulika, na ndilo linaloonyesha machinga ni nani hasa. Wengi wao mali si yao. Asubuhi Kariakoo kijana huingia duka la jumla, akachukua suruali kumi na mbili bila kulipa hata senti, akaondoka nazo. Hiyo ndiyo mali kauli. Mwenye duka amempa bei ya kurudisha, tuseme elfu kumi na mbili kila moja, na kijana atakachozidisha juu ya hapo ni chake. Jioni hurudisha fedha za zilizouzwa pamoja na zile zilizobaki. Hakuna karatasi. Kinachosimama badala ya mkataba ni kufahamiana: ametambulishwa na nani, anakaa na nani, kaka yake alichukua mali duka gani na akarudisha. Akikimbia na mzigo mara moja, mlango huo umefungwa kwake, na huenda ukafungwa kwa ndugu zake pia.

Sasa yaulize yale maswali matatu. Mali ni ya mwenye duka. Suruali zisipouzwa, zinarudi dukani, kwa hiyo hasara ya kudoda si ya kijana. Lakini askari wa jiji wakizichukua, deni ni lake. Bei ya chini imepangwa na tajiri, bei ya juu inapangwa na yeye pamoja na mnunuzi wanaovutana pale barabarani. Huyu ni muuzaji wa nje wa duka ambaye hayumo kwenye orodha ya mishahara. Ndiyo maana malalamiko ya wenye maduka kwamba machinga wanawazibia milango yamekuwa na kigugumizi siku zote: baadhi ya mali inayozuia mlango imetoka ndani ya mlango huo huo.

Pale pale Kariakoo yupo winga. Jina limetoka kwenye mpira, mchezaji wa pembeni anayekimbia na kumletea mwenzake pasi. Winga hana duka wala mzigo. Anakukuta umesimama unatafuta simu au vitenge, anakuuliza unataka nini, anakupeleka dukani. Kama mwenye duka amesema laki moja, winga atakutajia laki na ishirini, na hiyo ishirini ni cha juu chake. Mali si yake, hasara si yake hata chembe, lakini bei uliyolipa imepita mdomoni mwake. Watu wengi humwita tapeli. Mimi naona wapo matapeli na wapo wanaofanya kazi halali kabisa ya kujua duka gani lina kitu gani katika mtaa wenye maelfu ya maduka. Tofauti yao ni moja: je, mnunuzi anajua kwamba cha juu kipo?

Hapo ndipo dalali anapotengana na winga. Dalali wa kweli, kwa maana ya zamani ya neno hili lililokuja na Kiarabu, ni mtu anayejulikana na pande zote mbili. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na ujira wake unatajwa. Dalali wa nyumba anachukua kodi ya mwezi mmoja na mpangaji analijua hilo tangu mwanzo, hata kama anaugulia. Dalali wa mahakama anauza mali iliyokamatwa kwa mnada wa wazi. Akificha bei aliyopewa na muuzaji na kutaja nyingine kwa mnunuzi, ameacha udalali. Wakala naye ana tofauti yake: anasimama mahali pa mtu mwingine, na anachotenda kinamfunga yule aliyemtuma. Bei hapangi kabisa. Mama mwenye meza ya kutolea pesa za simu anakata kamisheni iliyopangwa makao makuu, na akizidisha hata shilingi mia anavunja mkataba.

Huyu wakala wa simu anatufungulia mlango wa jambo kubwa zaidi. Tanzania ni kawaida kumkuta akiwa na laini za kampuni nne mezani, simu nne zilizofungwa raba, na bango la kila mtandao ukutani. Kenya ilikuwa vingine kwa miaka mingi. Wakala wa M-Pesa alifungwa na Safaricom asihudumie mtandao mwingine, mpaka Julai 2014, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilipoiagiza kampuni hiyo kuondoa sharti hilo. Mshindani mpya angeweza kuwa na mitambo bora na ada ndogo, lakini bila mtu wa kutoa fedha taslimu kijijini huduma yake ingebaki hewani. Kumfunga wakala ni kuufunga mlango wa soko, na hakuna anayehitaji kuficha hata mfuko mmoja ghalani ili kufanya hivyo.

Kabla ya kufika kwa wakubwa, inafaa kuyatazama majina yao, maana yamesafiri mbali. Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu. Waswahili wakamwona mfanyabiashara ana mali, neno likawa mwenye mali. Wakamwona anaajiri, likawa mwajiri: hata leo dereva wa daladala anayekimbiza hesabu ya siku anakimbiza hesabu ya tajiri. Bepari limetoka Bara Hindi, ambako nako lilimaanisha mfanyabiashara tu. Siasa ya Ujamaa ililichukua jina hilo la mwenye duka ikalifanya jina la mfumo mzima, ubepari, na likaketi pamoja na ukabaila na unyonyaji. Bazazi alikuwa muuza nguo kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili amekuwa mtu mjanja asiyeaminika katika kuuziana. Maneno matatu yaliyomaanisha muuzaji bila lawama yoyote, na pwani yetu ikayapa moja heshima ya utajiri, moja uadui wa kitabaka, na moja aibu.

Huko pwani tajiri ana maana nyingine ya ndani zaidi, na wanaoijua vizuri ni wavuvi wa Gazi, Msambweni na vijiji vingine vya kusini mwa Mombasa. Tajiri wa samaki humpa mvuvi chombo, nyavu, wakati mwingine fedha za kusukumia siku za upepo mbaya. Riba haitajwi. Sharti ni kwamba samaki watakaotua wauzwe kwake, kwa bei anayoitaja yeye. Mama karanga, wanawake wanaonunua samaki wadogo na kuwakaanga, wanapata kinachobaki. Mvuvi anaweza kuona mnunuzi mwingine amesimama pale pale ufukweni na bei nzuri zaidi, na asiweze kumuuzia.

Huu ni ukiritimba uliogeuzwa. Tumezoea kufikiri juu ya muuzaji mmoja na wanunuzi wengi, lakini mnunuzi mmoja mbele ya wauzaji wengi ana nguvu ile ile. Anachofanya ni kuibana bei ishuke badala ya kuipandisha. Nasisitiza hili kwa sababu katika nchi za wakulima na wavuvi, mhodhi wa kununua ameumiza watu wengi kuliko mhodhi wa kuuza, na bado hana jina lake peke yake kwenye midomo ya watu. Anaitwa tajiri, anaitwa chama, anaitwa bodi, anaitwa shirika.

Mhodhi, basi, ni yule ambaye huna pengine pa kwenda. Hiyo ndiyo maana yote. Si lazima awe mkubwa. Duka moja katika kisiwa kidogo lina ukiritimba kuliko kiwanda kikubwa chenye washindani wanne. Wala si lazima awe mwovu. Ukiritimba mwingine umeletwa na maumbile ya kazi yenyewe: kujenga mistari miwili ya nguzo za umeme ili wenye nyumba wachague ni kutupa fedha, na ndivyo ilivyo kwa mabomba ya maji. Kwa shughuli kama hizo swali ni nani anamsimamia, kwa sababu kumvunja hakuna maana. Na hata hapo yupo mchuuzi anayeingia kwenye ufa: msukuma mkokoteni wa madumu anauza maji pale bomba lilipoishia, na kwa lita moja masikini wa mtaa huo hulipa zaidi ya aliye na koki ndani.

Lakini ukiritimba mwingi katika historia yetu haukuletwa na maumbile wala na werevu wa mfanyabiashara. Uliletwa na mtawala. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833 na mwingine na Uingereza mwaka 1839. Huo wa Waingereza uliacha nje bidhaa mbili kwenye Mrima, yaani pwani ya bara, kuanzia Mtangata hadi Kilwa: pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mkavu wa miti. Wageni walikaribishwa kununua Unguja, ila bandari za bara kwa bidhaa hizo zilibaki za sultani na watu wake. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, aliyemlipa sultani kiasi kilichokubaliwa kisha akajikusanyia ushuru. Haki ya kuwa peke yako ilikuwa nayo ni bidhaa, na muuzaji wake alikuwa dola.

Waingereza walipotawala Zanzibar walifanya jambo la aina hiyo kwa karafuu. Amri za mwaka 1937 ziliweka ununuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima mikononi mwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho kwa jina kilikuwa cha wakulima ila uongozi wake ulikuwa wa serikali. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakinunua na kukopesha mashambani waliona mkate wao unachukuliwa. Walisusa, na Chama cha Congress cha India kikawaunga mkono kwa kuhimiza Wahindi wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa, na biashara ikakwama. Mwaka uliofuata serikali ililazimika kukubaliana nao. Baada ya Mapinduzi shughuli hiyo iliishia kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na hadi leo ndilo lenye haki ya kununua karafuu kwa wakulima. Palipo na mnunuzi mmoja wa kisheria na bei nzuri zaidi ng'ambo ya maji, magendo hayahitaji maelezo marefu. Kutoka Pemba hadi pwani ya Kenya ni safari ya usiku mmoja kwa mtu anayeijua bahari. Serikali ya Zanzibar ilipobadili mwelekeo kuanzia 2011, ikapandisha sehemu ya mkulima hadi karibu asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, sababu ya kupakia mashua usiku ilipungua.

Tanzania Bara ya Azimio la Arusha ilikwenda mbali zaidi. Februari 1967 makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa, yakiwemo Smith Mackenzie na Dalgety, yalitaifishwa na kazi zake kukabidhiwa Shirika la Biashara la Taifa. Mabenki yakawa Benki ya Taifa ya Biashara. Usagaji wa nafaka, na baadaye ununuzi wake, ukaenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Nia ilikuwa njema, na sitaki kuibeza: kuondoa mirija ya unyonyaji, kumfikishia mtu wa Namtumbo sabuni kwa bei ambayo mwenye duka hangemwonea. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi, na haikuchukua muda ikabidi irudi nyuma, kwa sababu rafu za ushirika zilikuwa tupu.

Hapa ndipo neno ukiritimba lilipopata maana yake ya pili ambayo wanafunzi wa uchumi huiona kama kosa. Msikilize Mtanzania yeyote akisema ofisi fulani ina ukiritimba. Hazungumzii soko. Anazungumzia foleni, njoo kesho, faili halionekani. Kwa wananchi wa miaka ile ukiritimba ulikuwa jambo la kuonekana kwa macho: ulikuwa na dirisha, kibali na mtu nyuma ya dirisha. Mwenye kuuza peke yake hana haja ya kukimbilia mteja. Maana zote mbili ni za jambo moja, moja limetazamwa kutoka kwenye vitabu na jingine kutoka kwenye foleni.

Na mlanguzi akazaliwa katika foleni hiyo hiyo. Mkulima wa mahindi alipangiwa bei na serikali, mwenye duka alipangiwa bei ya sukari na khanga, na bidhaa hazikutosha. Palikuwa na bei ya serikali na palikuwa na bei ya kuruka. Mwenye kibali au ndugu ghalani alipata khanga kwa bei ya kwanza akaziuza kwa ya pili. Huko ndiko kulangua: kununua mahali ambapo wengine hawafiki na kuuza mahali ambapo hawana budi. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoanza Machi 1983, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilikamata watu wengi, na mahakama maalumu ikaundwa kwa sheria ya mwaka huo. Watu waliogopa hata kukutwa na mali halali, wengine wakazitupa usiku. Sokoine alikuwa mtu mwadilifu na wananchi walimpenda kwa hilo, na bado wanamkumbuka. Lakini rafu hazikujaa. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya 1984, iliporuhusiwa mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Khanga zilipokuwepo kila duka, mlanguzi wa khanga alikwisha bila kukamatwa na mtu.

Uganda nako, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na kugawa biashara zao, waliogawiwa walipewa na raia jina la Kiswahili: mafuta mingi. Uchumi uliofuata ukaitwa magendo, neno ambalo Waganda walilitumia kwa biashara yote ya pembeni, hata ile isiyovuka mpaka wowote. Jirani zetu walipata majina kutoka kwetu kwa maradhi yale yale.

Hii haina maana kwamba kila anayeitwa mlanguzi ameonewa. Kuna kuhifadhi na kuna kuhodhi, na fikra za kuvitenganisha zipo pwani yetu kwa karne nyingi. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inasema kwamba hahodhi ila mkosaji. Wanazuoni wengi walipoifafanua walitaja masharti: ni chakula kilichonunuliwa sokoni wakati watu wanakihitaji, kikazuiwa ili kipande bei, na watu wakadhurika. Aliyeweka ghalani mavuno ya shamba lake mwenyewe wengi wao hawakumhesabu humo. Sheria hiyo inauliza karibu maswali yale yale matatu, na inaongeza la nne, kama kuna anayeumia. Mtu anayenunua mahindi Sumbawanga mwezi wa saba, wakati yamejaa na bei iko chini, akayatunza kwa dawa na turubai na kuyauza mwezi wa pili, amebeba hatari ya wadudu na ya bei kushuka, na mahindi yake yanaizuia bei ya kipindi cha njaa isipae zaidi. Anayenunua tiketi hamsini za basi la Moshi wiki moja kabla ya Krismasi hakuongeza kiti hata kimoja. Amesimama tu kati ya abiria na kiti.

Siku hizi mhodhi wa peke yake amepungua, na wachache wanaoelewana wameongezeka. Wakenya huwaita makateli, iwe wa sukari au wa maziwa. Mfano mmoja ulioandikwa wazi ni wa bia. Mwaka 2002 kampuni mbili zilizokuwa zikigombana kwa gharama kubwa zilipeana mkono: Castle ikafunga kiwanda chake cha Thika, na wenye Tusker wakaacha kiwanda cha Kibo, Moshi. Wenye Tusker wakabaki na Kenya, wenye Castle wakabaki na Tanzania, na wakauziana hisa asilimia 20 katika kampuni tanzu za upande wa pili. Hakukuwa na siri, ilitangazwa magazetini. Mnywaji wa Nairobi na wa Arusha, ambaye jana alikuwa anabembelezwa na wawili, alibaki na mmoja. Amani hiyo ilidumu hadi 2010, wenye Tusker waliponunua sehemu kubwa ya bia ya Serengeti na kurudi Tanzania.

Sheria zetu hazimwadhibu mtu kwa kuwa mkubwa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, kama ilivyotungwa, ilisema mtu ana nguvu ya soko akiwa na zaidi ya asilimia 35 ya soko na pia akiwa anaweza kubana ushindani kwa faida na kwa muda wa maana. Sheria ya Kenya ya 2010 ilianzia kwenye nusu ya soko. Kosa ni kuitumia nguvu hiyo kuwafungia wengine mlango, na Tume ya Ushindani ya Tanzania ilipewa uwezo wa kutoza faini ya kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka. Kinachogombaniwa sana mbele ya tume kama hizi ni mpaka wa soko lenyewe. Mwenye asilimia 80 ya bia atasema soko lake ni vinywaji vyote, pamoja na soda na mbege, na humo yeye ana robo tu.

Kwa wakulima wa korosho wa kusini mwa Tanzania, mjadala huu wote umekaa kwenye neno moja: kangomba. Ni kipimo cha bakuli au kopo ambacho Wakala wa Vipimo hakitambui, na jina la kipimo likawa jina la mnunuzi anayekitumia. Anapita Tandahimba na Newala miezi ya njaa, korosho zikiwa bado maua, na fedha mkononi. Anampa mkulima fedha leo, achukue korosho Oktoba kwa bei ya kutupa. Wakulima wa kahawa wa Kagera wana jina lao la kuuza ikiwa mtini: butura. Dhidi ya hao uliletwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianza msimu wa 2007. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa kwa mizani, unawekwa ghala kuu, anapewa stakabadhi, na wanunuzi wanashindana mnadani. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada, na mwezi Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kabla ya kulipa ikaanza kuhakiki mashamba ya kila mwenye mzigo, ili kumnasa kangomba.

Uhakiki huo ulimkuta kangomba, lakini ulimkuta pia mkulima ambaye malipo yake yalichelewa miezi. Na katika kuchelewa huko ndiko kangomba anakopata riziki. Yeye huuza fedha za mwezi wa saba, na mkulima huzinunua ghali kwa sababu hakuna mwingine anayeziuza kijijini. Mnada hata ukiwa wa haki namna gani unafanyika Oktoba na kuendelea. Salfa ya ruzuku iliyoanza kugawiwa kupitia vyama imemwondolea mkulima sababu moja ya kukopa mapema, kwa kuwa dawa ya mikorosho ilikuwa ikinunuliwa kwa fedha za kangomba. Ada ya shule na unga wa Julai bado zinakopwa kwake.